Posa Iliyotembea

"Huyu anataka mke au anatafuta mlango?"

Don Hilarión, baba yake Zulma, aliuliza kwa sauti, sebule nzima ikasikia. Rómulo alikuwa ameinuka kitini mara ya nne, akatoka nje, na posa yenyewe bado haijatamkwa. Zulma alitamani ardhi ya Cochabamba ipasuke immeze.

Simu yake ikatetemeka: "Nisamehe mpenzi. Siwezi kukaa. Waambie naondoka."

Akachomoka mbio, viatu mkononi. Alimkuta Rómulo uwanjani mbele ya nyumba, akizunguka benchi.

"Una mwanamke mwingine?"

"Hata! Ni miguu, Zulma. Nikikaa tu, kama sisimizi wanatambaa ndani ya mifupa. Nikitembea, wanatulia."

"Tangu lini?"

"Tangu zile dawa. Dawa za akili. Ile miezi miwili niliyopotea, sikwenda kazini Oruro. Nililazwa. Huzuni imeondoka, lakini miguu hii... leo dawa hizo nazitupa!"

"Thubutu!"

Zulma akampokonya simu, akampigia daktari wake.

"Asiziache ghafla," daktari alisema. "Baadhi ya dawa hizi huleta hali hiyo. Jumatatu aje, tupime madini ya chuma kwenye damu, tuone kama tutapunguza dozi au kubadilisha dawa. Mbona hakuniambia?"

"Kuficha ndiyo kazi yake, daktari!"

Nyuma yao mtu akakohoa. Don Hilarión! Alikuwa amesikia yote.

"Kumbe uliugua akili, kijana?"

"Ndiyo, mzee. Niliogopa utaninyima binti."

"Kuugua si kosa. Kunificha ndiko kulikoniudhi." Mzee akakaza kofia yake. "Miaka thelathini nimegawa barua mji huu kwa miguu. Unadhani utanichosha? Tembea, useme ulichokuja kusema!"

Wakaanza kuzunguka uwanja, Zulma akiwafuata pekupeku, akidaka neno moja moja. Mzunguko wa kwanza baba yake alifoka. Wa pili akaanza kuuliza maswali. Wa tatu, Mungu wangu, akacheka! Kisha wakaja mbele yake. Mzee alisimama, Rómulo akawa anapiga hatua papo hapo, jasho likimtiririka.

"Zulma, huyu kijana anaomba—"

"Nakubali!"

"Sijamaliza!"

"Nakubali, baba! Nakubali!"

Rómulo akamnyanyua, akazunguka naye huku wote wawili wakilia na kucheka. Mama akachungulia mlangoni:

"Jamani, supu ya karanga inapoa!"

"Ilete huku, mke wangu!" Don Hilarión akaita. "Leo tunakula tumesimama!"