Eda ya Mume Aliye Hai

"Usinisogelee. Niko edani."

"Eda ya nani, Zuwena?"

"Yako."

Fikirini alicheka, akatua begi lake. Alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, kofia imemfunika macho, na hapo Isaka hakuna aliyemwona. Zuwena hakucheka. Miezi mitatu alikuwa hajakanyaga nje, akimlilia mwanaume huyuhuyu.

"Nani alipeleka lile tangazo redioni?"

"Mimi. Nilimtuma mwenzangu Pantaleo. Polisi walikuwa wananisaka kwa dhahabu ya magendo kule Geita. Maiti hasakwi, mke wangu."

Tangazo lenyewe Zuwena alikuwa amelishika neno kwa neno: "Bwana Pantaleo wa Katoro anasikitika kutangaza kifo cha Fikirini Sabiti, kilichotokea machimboni. Maziko yamekwishafanyika. Habari ziwafikie mkewe Zuwena, na mama yake Bi Zuleha, Isaka."

Lilisomwa mchana, mtaa mzima umekusanyika dukani kwa Harish. Hapo ndipo watu walipopata bei ya pamba, habari za vita vya Kagera, na hata mambo ya kubishania. Redio ikisema, ubishi umekwisha.

"Nilitaka niende Geita nikalione kaburi," Zuwena alisema. "Mama yako akakataa. Akasema, 'Redio iliyonifundisha kusoma na uzee huu, leo initanie?'"

"Bi mkubwa huyo!" Fikirini alitabasamu. "Yuko wapi? Nimemletea kitenge."

"Hukusikia tangazo lake?"

"Lipi? Porini tulikojificha hapakuwa na redio."

"Siku ya tatu ya msiba wako alianguka hapo jikoni. Hakuamka. Tukamtangaza: mama wa marehemu Fikirini."

Fikirini alikaa sakafuni.

"Twende mbali," alisema mwishowe. "Leo hii. Tuanze upya, mtu asijue."

"Na mama aliyekufa kwa ajili yako, mtu asijue?"

"Watanikamata, Zuwena! Unanipenda au hunipendi?"

"Nilikupenda mpaka nikakuzika."

Akajitanda kanga, akatoka. Dukani taarifa ya habari ilikuwa inasomwa.

"Dada Zuwena! Eda haijaisha, unatokaje?" Harish alishtuka.

"Fikirini yu hai. Yuko chumbani kwangu."

"Lakini redio ilisema," alinong'ona Mama Cornel, jirani yake Zuwena. "Sote tulisikia."

"Ilisema ilichoandikiwa. Aliyeandika ni yeye."

Harish akanyoosha mkono, akaizima redio katikati ya taarifa. Tangu afungue duka lile hakuwahi kufanya hivyo.

"Sema tena, dada."

Akasema tena.

Polisi walioitwa na Harish walimkuta Fikirini bado sakafuni; aliomba kwanza afikishwe kaburini kwa mama yake. Wakampeleka, mtaa mzima nyuma yao. Hapo Zuwena akadai talaka, naye akaitoa, ametazama chini, watu wote wanasikia.

Zuwena hakulia. Alikwisha kumlilia.