Mashine Iliyokubali Mzaha

Mshale wa mizani ulikataa kutulia. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na kama fundi aliyekuja kununua angekuwa mtu wa kusikia la mtu, mambo yangeishia pale pale kwenye uwanja wa chuma chakavu na sote tungelala mapema. Mashine ya boti ilikuwa inaning'inia kwenye ndoano, ya zamani, ya enzi ambazo baba yake fundi alikuwa bado anatafuta mchumba. Kutu imeila, rangi imebabuka, na upepo siku hiyo haukuwepo hata wa kupeperusha leso. Lakini mshale ulipanda polepole, ukashuka polepole, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala baada ya kushiba.

Mwenye uwanja, mama mmoja wa maneno machache ambaye watu walimwita Mama Mizani, aliutazama mshale, akaushika kwa kidole ukasimama, kisha akataja nusu ya bei bila kuombwa.

"Nakuuzia chuma," alisema. "Mashine sikuuzii. Ukitaka kuyeyusha, yeyusha. Kuiwasha, usiiwashe."

Sasa huyo fundi jina lake pale gatini lilikuwa Mfufuaji, na alijipa mwenyewe kabla watu hawajamkubalia. Alishafufua mashine iliyolala chini ya maji msimu mzima. Alishafufua nyingine ambayo kuku alikuwa anaatamia ndani yake, tena mayai akamrudishia mwenye kuku yakiwa mazima, halikupasuka hata moja. Mtu kama huyo ukimwambia usiwashe, umemwambia awashe leo.

Karakana yake ilikuwa uani, chini ya dirisha la chumba alichoshonea mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na mdomo wake ulikwenda sambamba na cherehani; cherehani ikisimama kubadilishwa uzi, mdomo ulimalizia safari peke yake. Kupitia dirisha lile alimpa mumewe habari za mtaa, bei za vifungo, na maoni yake juu ya ufundi ambayo hayakuombwa. Fundi alilalamika kila siku, na siku mkewe akienda kwa dada yake alikuwa hafanyi kazi vizuri.

Siku tatu aliiloweka mashine. Alimimina oili na mafuta ya taa kwenye silinda mpaka pistoni zilizoganda zikalegea. Alifunga plagi mpya. Pampu ya maji ilikuwa imeoza, akakata mpira wa tairi kwa kisu na kuutengenezea mapezi madogo kama petali za ua. Kitundu cha kabureta alikizibua kwa kupuliza kwa mdomo, kama mafundi wote wanavyofanya, na alipopuliza ilimjia kama vile kuna aliyeipokea pumzi upande wa pili. Akatema, akajifuta, akasema ni uchovu.

Siku ya nne akaifunga kwenye ukingo wa pipa la maji, mguu wake wenye panga boi la kusukuma maji umezama ndani, maana mashine ya boti bila maji ya kujipooza huungua. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta mara arobaini, jua la saa saba likimchemsha utosi, na bega likaanza kumwita jina.

"Mume wangu," sauti ikatoka dirishani, "hiyo kamba ungemfungia ng'ombe, saa hizi tungekuwa na maziwa."

Fundi akacheka, jasho likimwingia machoni. Alikuwa na tabia ya kuzibembeleza mashine kwa ahadi. Ya kusaga aliiahidi likizo, ya lori aliiahidi mke wa pili. Basi akaiinamia hii, akaipapasa kifuniko, akainong'oneza:

"Waka mama. Waka nikupe pumzi za yule wa dirishani. Anazo nyingi."

Akavuta mara moja, tena nusu ya kamba, na mashine ikawaka.

Watu wamezoea majini wa usiku. Huyu alikuwa wa mchana kweupe, nguo zikiwa kambani na redio ya jirani ikisoma matangazo. Moshi ulitoka mweupe, na harufu yake haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya tope la chini kabisa, la majani yaliyooza mahali ambapo jua halijawahi kufika. Fundi hakuijali. Alikuwa anaruka kama mtoto, anahesabu atakaowatambia, na katika kelele zile hakusikia kwamba dirishani kumenyamaza.

Baada ya robo saa akabonyeza kizimio. Ndani kukasikika kishindo.

Alimkuta mkewe sakafuni kando ya cherehani, mdomo wazi, mikono ikikamata hewa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakuna pumzi iliyoingia wala kutoka. Akambeba mpaka uani apate upepo, akamwegemeza kwenye ukuta, na alipogeuka kutafuta simu mkono wake ukagusa tufe la mpira la kusukumia mafuta kwenye mashine. Lilikuwa linadunda. Mashine imezimika, lakini tufe lilidunda kiganjani taratibu, na ndani ya pipa povu likaanza kupanda, na povu lilipopasuka juu ya maji lilitoa maneno, kwa sauti yake mwenyewe fundi, na kicheko chake mwenyewe ndani yake.

"Anazo nyingi. Anazo nyingi."

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Alivuta kamba, mashine ikawaka, na mkewe akavuta hewa kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Tangu hapo hakuthubutu kuizima. Aliongeza petroli tenki likiwa bado na robo, alichota maji moto pipani na kumimina ya baridi, ndoo kwa ndoo, huku akimtazama mkewe ambaye kifua chake sasa kilipanda na kushuka kwa mwendo ule ule wa mashine, tu-tu-tu, ikikwama anakwama, ikishika anashika, na kila alipomaliza ndoo moja aliikumbuka ile pampu ya mpira wa tairi aliyoikata kwa mkono wake, na yeye ndiye mtu pekee mtaa mzima aliyejua kwamba mpira ule hauwezi kumaliza siku, kwamba utameguka, maji yataacha kupanda, chuma kitashika moto na kuganda, na kikishaganda hakuna Mfufuaji wala mfufuaji mwenzake atakayekivuta tena.

Mkewe alimuuliza kwa mnong'ono, "Nina nini?" Akamjibu ni vumbi la pamba.

Kisha akampigia Mama Mizani. Alikuja na mkokoteni wake, hakuleta ubani wala kitabu. Fundi akamwamkia shikamoo kwa sauti ya kulia, naye akaitikia huku anaitazama mashine tu.

"Ulimwahidi nini?"

Fundi akasema hakuahidi kitu, ni mashine tu, mama, imeingia hitilafu.

"Wa namna hii haamki bila kuitwa. Nimekaa naye miaka kumi na mmoja, sikumpa hata salamu. Ulimwambia nini?"

Mashine ikajikwaa. Macho ya mkewe yakapinduka, kisha yakarudi. Hapo fundi akasema. Alisema yote, neno kwa neno, mbele ya mwenye pumzi zake, na alipofika kwenye "anazo nyingi" sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Mkewe aliinuka kwa kushika ukuta, akashika ukingo wa pipa, akauchomoa mpira wa mafuta kutoka kwenye mashine na kuutupa chini.

"Hakuniuliza," aliiambia mashine. "Hizi ni zangu. Mimi sijazitoa."

Mashine haikuzimika. Iliendelea bila tone la petroli, ila iliteremsha sauti, kama mtu anayefikiria. Kisha povu likapanda polepole.

"Nani?"

"Amekubali kurudisha," Mama Mizani akanong'ona. "Anataka kujua nani atalipa badala yake."

Fundi aliangalia lango la uani. Haikuwa kwa muda mrefu, kikohozi kingechukua zaidi. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, midomo imeanza kuwa ya kijivu, na aliona jicho la mumewe lilikokwenda.

"Chukua zangu," alisema fundi.

Mashine ikazimika. Mkewe akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, na wakati huo huo kifua cha fundi kikafunga kama mlango unaobamizwa. Akapiga magoti. Aliona uani kunaanza giza pembeni, aliona nguo kambani zikigeuka nyeusi, kisha akaiona ile kamba, haikushikwa na mtu, ikitoka yenyewe taratibu na kurudi ndani kwa nguvu. Mashine ikawaka. Fundi akapumua.

Mama Mizani akasema haihitaji tena petroli wala fundi, na haifai kubaki nchi kavu, kwa sababu siku moja mtu ataona imeachwa inawaka ovyo na atabonyeza kizimio kwa nia njema. Mahali pa salama ni pale ambapo mkono wa mtu haufiki. Wakaipakia kwenye mkokoteni ikiwa inanguruma, wakapita nayo katikati ya watu waliompigia Mfufuaji makofi, wakafika mwisho wa gati penye kina, wakaisukuma. Ilizama inazunguka. Fundi alisimama pale ameshika kifua, anangoja. Kifua kiliendelea kupanda na kushuka, na juu ya maji povu likaendelea kutoka.

Cherehani imerudi, na mdomo pia. Habari ya lile jicho lililokwenda langoni mkewe hajaitaja hata siku moja. Ila kila alfajiri anajifunga kanga, anatembea mpaka mwisho wa gati, anatazama povu ambalo abiria husema ni samaki, kisha anarudi. Fundi, akiwa bado kitandani, humuuliza, "Bado linatoka?" Naye humjibu, "Bado."

Wiki hii ameanza kujibu akiwa nje, kabla hajafika mlangoni, kabla hajaulizwa, na kwa haraka. Na jana povu lilitoka kwa kukatika-katika, na alipoingia hakwenda kwenye cherehani. Alikaa kitandani karibu na mumewe, akamshika mkono, akawa anamsikiliza anavyopumua.