Sabuni ya Wageni

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, nilikuwa na kazi tatu. Kwanza nilijaza maji ndoo nne zenye bomba, zilizopangwa kando ya ukuta wa darasa la saba. Pili nilifagia mbele ya ndoo hizo ili pasiwe na matope. Tatu nilihakikisha kabati la sabuni limefungwa. Ndiyo, limefungwa. Msicheke kwanza, ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na nilikuwa darasa la mtihani. Shule zilikuwa zimefungwa miezi saba kwa sababu ya ule ugonjwa wa pumzi ulioenea dunia nzima. Zilipofunguliwa tulipewa masharti: tuvae barakoa, tunawe mikono kwa sabuni, madirisha yawe wazi, na anayeumwa abaki kwao. Zikaletwa katoni mbili za sabuni. Mwalimu mkuu akanichagua kuwa kiranja wa afya, akanikabidhi ufunguo wa kabati.

"Hii ni amana," aliniambia. "Isipotee hata kipande kimoja."

Nami nikaibeba amana hiyo kwelikweli. Siku ya kwanza niliweka kipande cha sabuni kwenye kila ndoo. Kufikia mapumziko, viwili vilikuwa vimeyeyuka kwenye dimbwi na viwili vimepata miguu, vimekwenda zao. Nililia kwa hasira. Tangu siku hiyo sabuni ikawa haitoki kabatini mpaka waje wageni. Wageni wakionekana langoni, nilikwenda mbio, nikaweka vipande vinne vipya. Wakishaondoka, nilivikausha kwa kitambaa na kuvirudisha. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alinisifu mbele ya shule nzima kwamba tangu siku ile ya kwanza hakuna hata kipande kilichopotea, na wenzangu wakanipigia makofi.

Hapo ndipo waliponibatiza jina la Waziri wa Afya. Aliyelianzisha ni jirani yangu wa dawati, mvulana tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyejua mahali pa kumzimia.

"Mheshimiwa Waziri," alinibembeleza siku moja, "naomba sabuni. Mikono yote chaki."

"Maji yanatosha. Sugua."

"Kama maji yanatosha, sabuni waliitengeneza ya nini?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilinuna, nikatia ufunguo mfukoni.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama ni fundi cherehani, na mashine yake iko chumba cha mbele, karibu na mlango. Bibi, mama yake mama, ana ugonjwa wa pumu, na tangu janga lianze mama alikuwa akimlinda kama mboni ya jicho. Kila niliporudi aliniuliza maswali yale yale kabla sijavuka kizingiti.

"Mmenawa shuleni?"

"Tumenawa, mama."

"Kwa sabuni?"

"Sabuni ipo, mama."

Nilijiambia kuwa huo si uongo. Sabuni si ilikuwepo? Kabatini!

Mnaweza kudhani sikuogopa ugonjwa. Niliuogopa. Lakini kulikuwa na kitu nilichokiogopa zaidi, nacho ni shule kufungwa tena. Nilikuwa na rafiki tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, na katika hesabu hakuna aliyemfikia. Shule zilipofungwa, alipelekwa mji mwingine kulea watoto wa shangazi yake. Zilipofunguliwa hakurudi. Nilikwenda kwao kumwulizia. Mama yake alinijibu huku anaanika nguo, bila kunitazama: "Ameshazoea kazi, mwanangu. Dawati lake mpeni mwingine." Neno hilo lilinichoma. Nikaapa kwamba mimi sitaliacha dawati langu.

Basi, wiki ya sita mwalimu wa hesabu akaugua. Siku mbili baadaye wanafunzi watano wa darasa letu hawakuja, na wote walikuwa na homa na kikohozi. Jioni tukapewa barua za kupeleka nyumbani. Wazazi waliitwa kesho yake, Jumatano. Bwana afya angekuja kukagua shule, na angesema mbele yao kama ni salama kuendelea.

Mama aliisoma barua mara mbili, akasimamisha mashine.

"Basi. Utasomea hapa mezani."

"Mama, mtihani umebaki wiki sita!"

"Mtihani unarudiwa. Bibi yako harudiwi."

"We mwanangu," bibi alidakia kutoka kitini kwake, "usinifanye mimi kisingizio. Mtoto na asome."

"Mama, na hicho kifua chako je?"

"Kifua changu nakijua. Nenda ukawaulize wanafanya nini huko shuleni, ndipo uamue."

Mama alikunja barua. "Vema. Kesho tutakwenda wote wawili. Bwana afya akisema shule ni salama, utasoma. Akisema si salama, usinililie."

Usiku ule nililala nikiwaza kitu kimoja tu: lazima aseme ni salama.

Asubuhi nilizijaza ndoo mpaka juu, nikafungua kabati, nikaweka sabuni nne mpya zilizonukia vizuri. Wazazi walisimama uani kwa kuachana nafasi. Bwana afya alikuwa mtu mfupi, mwenye mkoba uliochakaa na macho yasiyotulia. Mwalimu mkuu alimwonyesha tangazo la ukutani lenye picha za namna ya kunawa. Hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akashika sabuni na kuigeuzageuza.

"Hii imewekwa lini?"

"Huwa ipo hapo kila siku," alijibu mwalimu mkuu.

"Wanafunzi wangapi?"

"Mia tatu."

"Mikono mia sita," alisema bwana afya taratibu, "na maandishi ya kiwandani bado hayajafutika hata herufi moja. Sabuni ngumu sana hii." Kisha akaiona beji yangu. "Kiranja, njoo. Sabuni hii mnaitumia?"

Jamani! Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni kabisa, na lilikuwa jepesi. Ningelisema tu, shule ingebaki wazi, na mimi ningefanya mtihani wangu. Nikainua macho, nikamwona mama amesimama nyuma ya wenzake, ananitazama. Nikamkumbuka bibi akihema usiku, amekaa kitandani kwa kuwa kulala hawezi. Nikawakumbuka na wale watano wenye homa. Ni mimi niliyewaambia wasugue kwa maji matupu.

"Hapana," nilisema. "Hatuitumii. Ni ya wageni. Nyinyi mkiondoka, naikausha na kuirudisha kabatini."

Uwanja ulilipuka.

"Wanatuulia watoto!" baba mmoja alipiga kelele. "Ifungwe leo leo!"

"Ifungwe, halafu?" Sauti hiyo niliijua. Alikuwa mama yake Twiga, ambaye mtoto wake mdogo yuko darasa la pili. "Ilipofungwa mara ya kwanza, mwanangu mkubwa hakurudi mpaka leo! Nani atanirudishia?"

Walijibizana hivyo kwa muda. Mama yangu aliendelea kunitazama mimi, na hilo liliniumiza kuliko kelele za wote wale.

Bwana afya aliwaacha wabishane, akaingia darasani kwetu. Alisukuma dirisha, likagoma. Akasukuma la pili, likagoma vilevile.

"Tuliyapiga misumari," mwalimu mkuu alieleza kwa sauti ya chini, "wezi walipoingia."

"Mmemfungia mwizi nje, mkaufungia ugonjwa ndani. Ugonjwa huu unasafiri kwa pumzi, mwalimu. Hata mngenawa kutwa, chumba hiki hakina hewa."

Alirudi uani, akangoja watu watulie.

"Leo shule hii si salama," alisema. "Sitayapaka maneno asali. Walioumwa, na waliokaa nao karibu, watabaki nyumbani kwa siku nitakazowaandikia. Wengine pia wasije mpaka Jumatatu. Jumatatu nitarudi, na sitapiga hodi. Nikikuta mambo ni haya haya, nitafunga bila kumwogopa mtu. Nikikuta yamebadilika, nitasema hivyo vilevile."

Mwalimu mkuu alivua miwani na kuifuta. "Mtoto huyu asilaumiwe," aliwaambia wazazi. "Ufunguo nilimpa mimi, na sifa nilimpa mimi. Nilitaka sabuni idumu, nikasahau kazi yake. Naomba radhi. Sasa nani atanisaidia hadi Jumatatu?"

Baba yake Redio, ambaye ni seremala, ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Njiani mama alitembea mbele yangu hadi tukakaribia nyumbani. Ndipo aliposimama.

"'Sabuni ipo, mama.' Kila siku ulinijibu hivyo."

"Nisamehe, mama."

"Nimekasirika, sitakuficha. Nimekasirika sana. Lakini leo umesema kweli mbele ya watu, na ulijua inaweza kukunyima mtihani wako. Hilo nimeliona." Akanishika bega. "Haya, machozi hayanawishi mtu. Niambie, sabuni ikitolewa nje, itakaaje isiyeyuke wala isiibiwe?"

Tuliketi na bibi kulifikiria. Niliwaza minyororo, nikawaza mlinzi. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akasema hajapata kuona sabuni ikiwekewa askari. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia mabaki ya pazia la wavu aliloshonea mteja. Alikata kipande, akakikunja kuwa kifuko, akatia sabuni ndani, akakishona mdomo kwa kamba imara. Tukakijaribu kwenye ndoo ya nyumbani. Maji yalipita, povu likatoka, sabuni ikabaki ndani ikining'inia na kukauka kwa upepo. Anayeitaka aitumie pale pale, maana haitoki mpaka iishe.

"Ishirini kama hivi, vitano kila ndoo," alisema mama. "Kata, nami nashona."

Tulifanya kazi Alhamisi nzima. Ijumaa nilivipeleka vifuko shuleni, nikamrudishia mwalimu mkuu ufunguo, nikamwambia kabati sasa liwekwe vitabu. Baba yake Redio alikuwa anang'oa misumari na kufunga komeo, ili madirisha yafunguliwe mchana na kufungwa jioni. Mwalimu mkuu, mikono ya shati imekunjwa, alibeba madawati pamoja na wazazi na kuyapanga mengine barazani. Waligawa madarasa makubwa, nusu waje asubuhi, nusu mchana. Redio alifunga vifuko kwenye ndoo bila kunyamaza hata dakika moja. Mpaka leo nakumbuka vile mabega yalivyoniuma, na vile nilivyokataa kupumzika. Nilikuwa na deni la mikono mia sita.

Jumatatu nilikuwepo kwenye ndoo kabla jua halijapanda. Kila aliyefika alinawa, na aliyejaribu kupita kimyakimya nilimwita kwa jina lake.

"Waziri umekuwa mkali!" Redio alilalamika, povu likifika viwikoni.

"Sugua na katikati ya vidole."

Mtoto mmoja wa darasa la pili alifika akikohoa, macho mekundu. Alikuwa mdogo wake Twiga. Mwalimu wa zamu hakumfokea. Alimkalisha pembeni penye hewa, akamwita mama yake aliyekuwa hajafika mbali.

"Leo apumzike na aonwe na daktari," alimwambia. "Daftari zake tutamletea nyumbani. Dawati lake halichukuliwi na mtu."

Mama yake aliitikia kwa kichwa, akamshika mtoto mkono.

Kumbe bwana afya alikuwa ameshafika, amesimama nje ya lango akitutazama muda wote huo. Aliingia, akanawa kama kila mtu, akabonyeza vifuko kimoja kimoja. Akapita darasani, akahesabu madirisha. Mama yangu, aliyekuwa amenisindikiza na hakutaka kuondoka, alimfuata hadi mlangoni.

"Bwana afya, mimi nina mgonjwa wa pumu nyumbani. Niambie kwa kinywa chako. Shule hii ni salama?"

"Mama, salama ya asilimia mia hakuna, hata sokoni, hata kwako. Atakayekuahidi hiyo anakudanganya. Nilichokikuta Jumatano kilinitisha. Kwa nilichokikuta leo, ningemleta hapa mwanangu mwenyewe. Lakini hiyo ni leo. Kesho lazima waifanye tena, na kesho kutwa." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa kali tena. "Mwanangu, mimi naweza kudanganyika. Mgeni yeyote anaweza. Ugonjwa hauji kutazama mlichopanga mezani. Unakuja kutafuta kile ambacho hamkufanya."

Mama alinivutia barakoa ikanifunika pua vizuri.

"Nenda darasani," alisema. "Lakini sikiliza. Siku utakayoona wameanza kulegea, usingoje mtu mwenye mkoba aje akuulize. Njoo uniambie siku hiyo hiyo, hata kama mwenye kosa ni wewe."

"Ndiyo, mama," nilijibu, na safari hii nilimaanisha neno zima.