Friji Lililozimwa Mchana

Mume akishaoga na kwenda kazini, mshonaji alichomoa friji ukutani, kisha akaketi kwenye cherehani yake ya umeme. Friji lile kuukuu lilinguruma kila lilipowaka. "Jitu lenye kelele hivi ndilo linalotumalizia umeme," alisema. Jioni alilichomeka tena. Tangu wafungiwe mita janja, ya kulipia kabla ya kutumia, umeme ulikuwa ukiwaishia ghafla, nguo ya mteja ikiwa nusu, naye alijiona amepata ufumbuzi. Maskini, hakujua anachezea nini.

Ndani ya friji hilo ilikaa insulini ya mama mkwe wake, aliyekuwa na kisukari.

Siku moja mama mkwe aliamka na kiu isiyokatika. Kabla ya mchana alishindwa kusimama. Mshonaji akampigia mumewe simu, wakamkimbiza kituo cha afya. Muuguzi akampima, akakuta sukari iko juu mno.

"Dawa anachomwa?"

"Kila siku. Namchoma mwenyewe," mshonaji alijibu.

"Mnaitunza wapi?"

"Kwenye friji." Kisha akakumbuka. "Lakini mchana huwa nalizima."

Muuguzi hakumgombeza. "Insulini ikipata joto hupoteza nguvu, dada. Umekuwa ukimchoma kitu kisichomsaidia."

Mshonaji alimgeukia mumewe. Naye akampa kisogo, akamfunika mama yake kanga. Afadhali angefoka.

Mama alilazwa, akapewa dawa nzuri. Jioni mume alimwita jirani yao, fundi wa umeme, awaonyeshe kinachowamalizia umeme. Mtaani walimwita Shoti, eti kwa kuwa hasira zake hazikawii kuwaka. Siku hiyo alikuwa mpole.

"Shemeji, usihukumu chombo kwa kelele zake," alimwambia mshonaji mbele ya mita. "Tazama hii taa nyekundu. Umeme ukitumika mwingi, inakonyeza haraka. Ukitumika kidogo, inakonyeza polepole. Haya, zimeni kila kitu."

Wakazima. Shoti akawasha friji. Taa ikakonyeza kivivu. Akawasha cherehani, tofauti ikawa ndogo. Kisha akaingia bafuni na kuwasha hita ya maji. Taa ikaanza kukonyeza mbiombio.

"Hii mnaizima lini?"

Mume alijikuna kichwa. "Nikishaoga huwa naiacha. Si imekaa kimya tu?"

"Kimya, lakini maji yakipoa inayapasha tena, kutwa nzima, na hakuna anayeoga! Vitu vya kupasha moto ndivyo vinavyokula umeme: hita, pasi, jiko la umeme. Washa, tumia, zima. Nguo zikusanye, uzipige pasi kwa mara moja. Friji liacheni liwake, ila msilifungue ovyo."

Mama aliporudi nyumbani, mshonaji alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nalizima friji."

"Nilijua, mwanangu. Maji ya kunywa nilikuwa nayakuta yana joto."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani dawa yangu ndiyo inayowamalizia umeme. Nikaona ninyamaze, nisije nikawa mzigo."

Mshonaji alilia kwa uchungu. "Mama, wewe si mzigo kwetu. Ukiona jambo, sema."

Siku hizi umeme unakaa, na cherehani haizimiki katikati ya mshono. Sukari ya mama imetulia. Kila asubuhi mwanawe akitoka bafuni, sauti humfuata kutoka chumbani kwa mama.

"Wewe! Hita umezima?"

"Nimezima, mama."

"Hebu rudi ukahakikishe."

Naye hurudi.