Masikio ya Weldon

Kitu cha kwanza Marlys alichokiona ni kidole. Jumamosi ile ilionekana Tulsa nzima imehamia kwenye uwanja wa shabaha, na mwanamume aliyekuwa akiwapanga watu alishika kikombe cha kahawa huku kidole cha shahada kimenyooka ubavuni, kana kwamba kikombe nacho kina triga ya kufyatulia.

"Unakiogopa kikombe?" Marlys alijikuta ameuliza, kisha akatamani sakafu immeze.

Mwanamume akakitazama kidole, akacheka. Shati lake la bluu lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni, na alinukia mafuta ya bunduki. "Hata kijiko nakishika hivi. Mama yangu amekata tamaa. Naitwa Weldon. Wewe ndiye mwanafunzi wangu wa saa nne?"

"Nadhani."

"Unadhani, au ndiye?"

"Ndiye."

Marlys alifungua duka la mikate kila alfajiri akiwa peke yake, na mama yake alikuwa amemnunulia bastola kabla ya kumuuliza kama anaitaka.

Weldon akachanganya risasi bandia na za kweli bila kumwambia zipi ziko wapi. Marlys alipiga, akapiga tena. Mara ya tatu bastola ikalia *tiki* tu, na mtutu ukainama chini mkononi mwake.

"Umeona? Risasi haijatoka, mkono umeshaikimbia."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiungojee mshindo. Tazama ncha ya mbele ya bastola, iwe wazi. Shabaha iache iwe ukungu. Vuta triga polepole mpaka ikushtue yenyewe."

Majani yalipoanza kupukutika, walikuwa wapenzi. Weldon alipiga simu kila mchana.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nakanda unga."

"Umenifikiria?"

"Kidogo. Usivimbe kichwa."

"Jumapili njoo kanisani, ukae benchi letu. Mama amechoka kusikia habari za mtu asiyemwona."

"Bado, Weldon."

"Bado mpaka lini?"

Marlys hakuwa amemwambia mtu yeyote habari zao, hata mama yake.

Kisha binamu yake Tawny akamfuata uwanjani, na buti zake nyekundu, na mdomo usiojua pazia. Walisimama nyuma ya mstari wakingoja zamu, kila mmoja ameshusha vizuia sauti vyake vya masikioni hadi shingoni. Weldon alikuwa hatua chache mbele, amewapa mgongo, masikio yake yamefunikwa na vile vyake vikubwa kama visosi.

"Yule ndiye unayemjia kila Jumamosi?" Tawny akauliza. "Sema ukweli, mwenzangu."

"Yule? Mwalimu tu," Marlys alisema. "Simpendi hata sura."

Weldon hakugeuka. Alimaliza somo lake kwa upole, akawaaga wote kwa kofia. Mchana uliofuata simu haikulia, wala wiki iliyofuata. Marlys akaamini amechokwa. Angeweza kuuliza, lakini kuuliza kulihitaji kufungua mdomo, na yeye aliona heri kuumia kimya. Weldon naye, kwenye chumba chake, alijiona mjinga aliyempeleka mama yake sokoni kununua kitambaa kipya cha meza kwa ajili ya mgeni asiyekuja.

Baridi ilipoisha, Marlys alirudi uwanjani. Vizuia sauti vyake vilikuwa vimevunjika, na mama wa mapokezi akamtolea vingine.

"Vaa hivi, binti. Weldon aliviacha alipohamia Wyoming."

Marlys hakuwa na habari kwamba amehama. Akavivaa, akabonyeza kitufe pembeni. Mwisho kabisa wa mstari mume na mke walikuwa wakinong'onezana kuhusu pai ya pekani, na kila neno lilimfikia kama wako begani mwake. Mtu akafyatua, na mlio ukaja mdogo kama kofi.

Vilizuia mishindo tu. Maneno vilikuwa vikiyakuza.

Akaitoa bastola risasi zote, akaiweka wazi mezani kama alivyofundishwa, akatoka hadi maegeshoni na kupiga simu.

"Weldon."

"Bibie Tackett." Alimwita kwa jina la ukoo; hakusema mpenzi.

"Siku ile na Tawny. Ulisikia."

Upepo ulivuma upande wa pili. "Nilisikia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulisema bila kutetemeka, Marlys. Nimekufundisha mwenyewe. Nikajua umelenga."

"Rudi."

"Nimeshapata nyumba huku. Na kuna mtu hunialika chakula cha jioni." Akaongeza taratibu, "Anapokutana na watu, ananitambulisha."

Marlys alishika mlango wa gari. Watu walikuwa wakipita na mikoba yao, Tawny miongoni mwao, akasimama kumtazama. Marlys hakushusha sauti.

"Sikukuonea aibu, Weldon. Niliogopa watu wajue nina furaha, halafu waje kuniuliza imekwenda wapi. Nakupenda. Hata nilipokuwa nasema sikupendi, nilikuwa nakupenda."