Sherehe Iliyomrudisha Stara

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie yaliyompata Mzee Shaban wa Ipagala, hapa hapa Dodoma. Wengi wenu mlikula pilau lake na mkasifia nyama. Leo nataka mjue pilau lile lilipikwaje.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanapunguza watu na kila aliyepunguzwa anahangaika kutafuta biashara. Mzee Shaban, aliyekuwa mtunza ghala, alijenga nyumba ya wageni na kuipa jina la bintiye wa pekee, Stara. Msimu wa Bunge la bajeti ukifika, vyumba vyote vinajaa. Asubuhi za baridi ya Juni ungemkuta mkewe Mwajabu akipika vitumbua uani, wageni wamejifunika makoti wakinywa chai ya tangawizi, na mzee mwenyewe akipita kati yao akisalimia kila mtu utadhani anagombea udiwani. Ilikuwa nyumba ya amani. Ukipita njiani ulikuwa unatamani kukaribishwa, na kwa kweli ulikuwa unakaribishwa.

Stara mwenyewe alikuwa ng'ambo kwa ufadhili, akisomea ufundi wa mashine za hospitali. Siku anaondoka, baba yake aliweka nadhiri: binti akihitimu salama, atasoma maulidi kule Kondoa, nyumbani kwa marehemu bibi yake Stara, na kuwalisha majirani. Nadhiri nzuri kabisa. Laiti ingebaki hivyo!

Matokeo yalipotoka, Stara akapiga simu kwa Mama Generosa, jirani aliyekuwa na simu ya mezani. Mzee alikimbia na kandambili zisizofanana. Mama Generosa akamwachia sebule, akaenda zake jikoni.

"Shikamoo baba. Nimefaulu!"

"Marahaba! Alhamdulillahi! Sasa panda ndege uje. Maulidi tunasoma hapa hapa Ipagala, kabla Bunge halijaahirishwa. Mheshimiwa anayelala chumba cha mbele amekubali kuwa mgeni rasmi. Uje na joho lako na ile kofia."

"Baba, siwezi kuja sasa hivi. Nimeomba kibali cha kufanya kazi mwaka mmoja. Kuna hospitali imenikubali nijifunze mashine kwa vitendo. Bila huo mwaka, mimi ni fundi wa kwenye karatasi tu. Na hapa wanasema nikitoka nchini kibali hakijatoka, ombi langu linafutwa. Viza yangu ya uanafunzi nayo ndiyo inaisha."

"Kwani ombi lina miguu? Utalikuta hapo hapo."

"Silikuti, baba. Nisubiri tu. Kibali kikitoka nitaomba ruhusa, nitakuja tusome maulidi Kondoa kama ulivyoahidi."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mzee alipokosea, na ni kosa letu sisi tunaoishi mjini kwa wakubwa. Tumezoea kwamba faili likikwama unamtafuta mtu anayemjua mtu, na faili linatembea. Ofisi ikifungwa mlango wa mbele, tunajua wa nyuma uko wapi. Mzee Shaban aliamini dunia nzima inaendeshwa hivyo. Alikuwa na mheshimiwa chumba cha mbele, sasa aogope nini?

"Mheshimiwa atapiga simu ubalozini, mambo yatanyooka," alisema. "Wewe njoo."

"Baba, wale hawapigiwi simu."

Mzee akapandisha sauti. "Stara! Mimi nimeshawaalika watu. Usipokuja kuniondolea aibu hii, radhi yangu usiihesabu. Na ukirudi siku yoyote, usije kwangu."

Wazazi wenzangu, mnalijua neno hilo lina uzito gani. Binti aliyelelewa vizuri atabishana na baba yake juu ya kila kitu, lakini akitishiwa kukosa radhi, ulimi unakufa. Stara alilia kwenye simu. Halafu akasema, "Nitakuja."

Usiku huo Mwajabu alimkabili mumewe. "Baba Stara, nadhiri uliiweka ya Kondoa. Hao wa Bunge wameingiaje humo? Mwache mtoto amalize lake."

"Wewe mambo ya ofisi huyajui."

"Siyajui, lakini mwanangu namjua. Hajawahi kutuambia kitu hakiwezekani kikawa kinawezekana."

Mzee akajifanya amesinzia.

Basi Stara akaja. Mashangazi wa Kondoa wakashuka na basi wakiwa na vinu vyao, fahali akachinjwa, turubai likafungwa hadi kwa Mama Generosa. Binti aliketishwa mbele amevaa joho jeusi juani, jasho likimchuruzika, akitabasamu kila anapopigwa picha. Kiti cha mgeni rasmi kilifunikwa kitambaa cheupe, na kilibaki kimefunikwa mpaka mwisho. Mheshimiwa alikuwa na kikao. Alimtuma dereva wake, ambaye alitoa udhuru kwa heshima zote, akala sahani mbili, akaondoka.

Siku zilizofuata Stara alikwenda Dar es Salaam, ubalozini. Aliambiwa alichokwisha kukisema mwenyewe: ameondoka ombi likiwa halijajibiwa, kwa hiyo limefutwa. Si mwanafunzi tena, na kibali hana. Ile hospitali nayo ikampa nafasi mtu mwingine. Mzee Shaban alimfuata mheshimiwa siku ya mwisho ya Bunge, akamkuta anapakia mabegi. Mheshimiwa alisikitika, tena kwa dhati. "Mzee wangu," alisema, "ile ni nchi ya watu. Mimi mkono wangu haufiki huko."

Tungeishia hapo lingekuwa jambo la kusikitisha tu. Lakini mji wetu una midomo. Wale wale waliolamba vidole wakaanza: Mbona harudi? Kafukuzwa huyo. Alifeli, joho la kuazima. Wengine wakasema alikamatwa. Stara alipoomba kazi hospitali za hapa, mahali pamoja walimtaka awe amefanya kazi kwanza, na mahali pengine walishasikia maneno, wakamwangalia kwa jicho la pembeni. Akabaki nyumbani akitandika vitanda vya wageni katika nyumba yenye jina lake.

Na mzee alinyamaza. Alijua ukweli, angeweza kuusema kwa sentensi moja, lakini akaona aibu. Aliona heri watu wamdhanie mtoto vibaya kuliko wajue kwamba yeye ndiye aliyemponza. Naona uchungu hata kulisimulia. Stara hakumtukana wala hakumnunia. Alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo," ikaishia hapo. Lile neno "baba" lililokuwa likifuata halikusikika tena. Mwajabu alilisikia lilivyokosekana, na mzee vilevile.

Msimu mwingine wa Bunge ulipita, na mwingine. Kisha Yoramu, kijana wa Mama Generosa, akapata nafasi ya kusoma nje. Ikafanyika sherehe ya kumuaga, na Mzee Shaban akaombwa aseme neno kama mzazi aliyetangulia. Mama Generosa, kwa furaha yake, alikuwa ameshika kipaza sauti akisema, "Mwanangu, ukimaliza tu, siku hiyo hiyo urudi, tutakufanyia sherehe Ipagala haijawahi kuona!" Watu wakapiga vigelegele.

Mzee Shaban akasimama. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Yoramu," alisema, "mama yako akikuita kwenye sherehe na wewe hujamaliza shughuli zako, usije."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Binti yangu yule pale, aliyeshika sinia. Mnasema alifukuzwa. Mnasema alifeli. Alifaulu kuliko wote darasani kwake. Alikuwa anasubiri kibali cha kazi, akanieleza vizuri nikaelewa, nikamtishia radhi ili aje akae mbele ya wageni wangu. Niliyemfukuza kule ni mimi. Na nimewaacha mumseme muda wote huu kwa sababu niliona aibu. Stara, mwanangu, nisamehe. Sistahili, lakini nisamehe."

Kuna waliotazama chini, na walijua wenyewe kwa nini. Stara aliweka sinia mezani, akapita katikati ya watu, akampokea kipaza sauti kwa upole na kumrudishia Mama Generosa.

"Kaa, baba," alisema.

Mwajabu alijifunika uso kwa kanga akalia mbele za watu.

Stara hakurudi ng'ambo. Alipata hatimaye nafasi ya msaidizi wa fundi katika hospitali moja ndogo, na anajifunza polepole yale ambayo angeyajua mapema. Maulidi yalisomwa Kondoa, watu wa nyumbani peke yao, bila turubai wala mgeni rasmi.

FUNZO

Wazazi, radhi ni dua ya kumfungulia mtoto njia. Usiifanye fimbo ya kumkokota aje kupamba shughuli yako. Mtoto akikuambia kuna kibali anasubiri na kina masharti yake, mwamini. Nchi za watu zina taratibu zao, na mkubwa unayemjua hapa hajulikani kule. Sherehe inaweza kungoja, kibali hakingoji. Na sisi majirani, tukimwona kijana amerudi, tumpokee kwanza. Sababu ya kurudi kwake ataisema mwenyewe akitaka. Na wewe uliyekosea ukamwacha mtoto abebe lawama yako, simama useme, hata kama umechelewa. Mzee Shaban alichelewa, na miaka aliyompotezea bintiye haikurudi. Lakini jina lake alimrudishia, na yeye akaitwa baba tena.