Mkono wa Mama Mkasi

Cherehani zilinguruma tangu asubuhi. Chumba kilijaa harufu ya pasi na vumbi la kitambaa. Katikati alisimama mwenye kazi, mwanamke asiyeachia mkasi kutwa nzima. Watu walimwita Mama Mkasi.

"Lete hapa!" alisema, akamnyang'anya mdogo wake kitambaa. "Ndivyo mkono wa shati unavyokatwa hivi?"

Mdogo wake alikuwa mkataji hodari. Akavua tepu shingoni.

"Dada, nimechoka. Nimepata kazi kwingine. Keshokutwa naondoka."

Mama Mkasi akahesabu siku kichwani. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na mashati ya sare hayajafika hata nusu. Huyu akiondoka, nani atakata? Na sare zikikosekana, nani atampa kazi tena?

"Ondoka hata sasa!" alisema. Lakini jicho lilikuwa kwenye sare.

Jirani yao, mwalimu wa biashara chuoni, alikuwa mlangoni amefuata suruali yake. Alisikia yote.

"Shemeji, nipe nusu saa. Tucheze mchezo."

"Kichwa kinawaka moto, wewe unaniletea michezo?"

"Ni wa kuigiza biashara. Tunatumia karatasi. Ukikosea, hakiharibiki kitambaa."

Mumewe, mpiga pasi, akacheka. "Kubali, mke wangu. Kelele tumeshazijaribu."

Jirani akatandaza magazeti ya zamani. Walitakiwa kutengeneza mashati ya karatasi. Mama Mkasi alikuwa meneja. Mdogo wake alikata, mumewe alikunja. Fundi mpole waliyemwita Kimya alibandika mifuko. Jirani akawa mteja.

Haukupita muda. "Lete hapa!" Mama Mkasi akachukua mkasi. Kisha akachukua na gundi. Karatasi zikarundikana mbele yake kama kichuguu. Wenzake wakakunja mikono.

"Muda umekwisha," alisema Jirani. "Niliagiza mashati kumi. Naona mawili."

"Kwa sababu hawa..."

"Ngoja, shemeji. Sasa kila mmoja aseme alichokiona, na kilimfanya nini. Bila matusi. Wewe sikiliza tu, usijitetee. Kisogo chako hukioni. Walio nyuma yako ndio wanaokiona."

"Mimi nilikaa kama mgeni aliyekuja kabla ya wenyeji," alisema mumewe.

"Uliponinyang'anya mkasi, niliacha kufikiri," alisema mdogo wake.

Kimya akakohoa. "Mteja alitaka mfuko kushoto. Wewe ukasema kulia. Nilipotaka kukuambia, ukasema, 'Bandika!' Nikabandika, huku najua si sawa."

Mama Mkasi akaweka gundi chini. Akageukia rundo la sare pembeni.

"Na zile?"

Kimya akainama. "Hata zile, mama. Shati la mfano tuliloletewa na shule lina mfuko kushoto."

Mama Mkasi akainua shati moja, akaona mfuko kulia. Akafungua mdomo apige kelele. Akaona Kimya ameshajikunja, anazingoja. Akaufunga.

"Kosa ni langu," alisema polepole. "Tufanyeje?"

Swali hilo halikuwahi kusikika chumbani mle.

"Tufumue mifuko tu," alisema Kimya. "Shati lenyewe zima."

"Alama za sindano niachieni mimi na pasi," alisema mumewe.

Mdogo wake akanyanyua mkasi. "Yaliyobaki nitakata. Ila mkono wako ukae mbali, dada."

Walirudia mchezo, Mama Mkasi akiwa amekalia mikono yake. Mashati manane yalitoka. Kisha wakaingia kwenye kazi yenyewe. Kila jioni, kabla ya kufunga, waliambiana walichokiona siku hiyo. Mengine yalimchoma. Aliyameza.

Siku ya mwisho, shati moja lilimtia Mama Mkasi wasiwasi. Mkono ukanyooka wenyewe kuelekea mezani. Mdogo wake akainua macho.

Mama Mkasi akaurudisha mkono.

"Hapo begani, wewe unaonaje?"

"Pamebana kidogo. Nilikuwa napaachia."

Jumatatu watoto walipita mlangoni, mifuko kushoto. Ndani, mdogo wake alikuwa ameinamia meza, tepu shingoni, anakata.